Kozi za historia na akiolojia mtandaoni: ipi ulipie ukiwa Mwanza

Mwalimu wa historia wa sekondari Sengerema, kijana anayetembeza wageni pale Jiwe la Bismarck, mstaafu wa Nyegezi mwenye hamu ya kusoma alichokikosa ujanani: wote wakishika simu kutafuta kozi ya historia au akiolojia hukutana na soko lile lile. Majina makubwa ya vyuo, picha za piramidi, punguzo linaloisha usiku wa leo. Hapa nimeyapanga machaguo sita, kuanzia linalostahili zaidi pesa ya mtu wa Kanda ya Ziwa hadi lile ambalo ningemwambia mdogo wangu aachane nalo.

Kipimo changu ni kimoja: nani atasoma kazi yako? Mihadhara mizuri ya historia imejaa mtandaoni bila malipo. Usichoweza kujipatia mwenyewe ni mtu aliyebobea anayeisoma insha yako mstari kwa mstari, anaandika pembeni "ushahidi wa hili uko wapi?", kisha anakurudishia uiandike upya. Mwanafunzi akiandika kwamba mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aligundua ziwa letu la Victoria tarehe 3 Agosti 1858, msahihishaji makini hamwachii. Atamuuliza Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakivua wapi kabla ya hapo, na Speke alielekezwa na nani kuja huku. Jibu lipo: habari za ziwa alizipata kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa Tabora. Atamuuliza pia ilikuwaje mtu aliyeona ncha ya kusini tu akatangaza kwamba amepata chanzo cha Nile, na kwa nini mwenzake Richard Burton alimpinga. Maswali hayo manne yanamjenga mwanafunzi kuliko video ishirini. Kwa hiyo pesa yako iende aliko msahihishaji. Asipokuwepo, usilipe.

1. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania

Kwa anayetaka shahada itakayotambulika kazini, hiki ndicho cha kwanza, na sioni kinachokikaribia. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, na tangu mwanzo kazi yake ni kufundisha watu wasioweza kuacha shamba, duka au ajira wakahamia chuoni. Kina kituo cha mkoa hapa Mwanza. Faida ya kituo utaijua siku jina lako limekosekana kwenye orodha ya mtihani: unapanda daladala, unaingia ofisini, unaongea na mtu. Aliyesoma chuo cha ng'ambo anatuma barua pepe na kusubiri.

Ada inalipwa kwa shilingi, hivyo dola ikipanda wewe hulali na wasiwasi. Historia utaipata humo, ikiwemo ndani ya shahada za ualimu, na mwalimu anayetaka kujiendeleza bila kuomba likizo ndefu hana sababu ya kwenda mbali. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, kwa hiyo kama uandishi wako wa Kiingereza umelegea, uanze kuunoa miezi kadhaa kabla ya udahili.

Ugumu wake ni kwamba hakuna wa kukusukuma. Ratiba unajipangia, na mtu mwenye duka Kirumba na watoto watatu nyumbani anaweza kujikuta muhula umeisha hajafungua moduli hata moja. Nenda kituoni kabla hujalipa. Omba kuona muhtasari wa somo, uliza ni kazi ngapi zinasahihishwa kwa muhula na kama zinarudi na maoni au alama tupu.

Kwa akiolojia yenyewe, mlango uliozoeleka nchini ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako somo hili limefundishwa tangu 1985. Hiyo ni ya kukaa darasani na kwenda uwandani, kwa hiyo haimo kwenye orodha hii. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa mwenye alama nzuri na ndoto ya kuchimba ningemwelekeza huko moja kwa moja, asizungukezunguke.

2. Mihadhara ya bure

Nimeiweka ya pili ingawa haina msahihishaji, kwa sababu haikuchukulii hata senti. OpenLearn ya Open University ya Uingereza ina kozi fupi nyingi za historia na hutoa hati ya ushiriki bila malipo. Open Yale Courses inatoa kozi nzima kama zilivyofundishwa darasani, mojawapo ikiwa historia ya Ugiriki ya kale ya Donald Kagan na nyingine ya mwanzo wa Zama za Kati ya Paul Freedman.

Cha maana kwetu ni kwamba mihadhara ya Yale inapatikana kwa sauti peke yake na kwa maandishi. Saa moja ya video hula mamia ya MB. Saa moja ya sauti haifiki hata 60. Pakua usiku kwa bando la usiku, sikiliza kwenye daladala ya Igoma au ukiwa unasubiri kivuko cha Ukerewe, kisha jioni usome maandishi ukiwa na daftari. Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Anzia hapa kabla hujalipia kitu chochote. Ukimaliza kozi moja mpaka mwisho, ukaandika insha moja na ukamwomba mwalimu wa historia unayemfahamu aisome, umeshajipima. Ukiishia mhadhara wa tatu, umeokoa ada.

3. Kozi fupi za Oxford

Idara ya elimu endelevu ya University of Oxford ina kozi za mtandaoni za wiki kumi, za historia na za akiolojia, na hazidai cheti cha kidato cha sita wala shahada. Darasa ni dogo. Kila wiki mnapewa vya kusoma na swali la kujadili kwa maandishi, mkufunzi anaingia kujibu, na anayejiandikisha kwa alama za chuo anaandika zoezi fupi kisha insha. Vyote vinasomwa na mkufunzi.

Ada ni mamia ya pauni, yaani takriban shilingi milioni moja au zaidi. Ni pesa nyingi kwa cheti ambacho si shahada. Bado naiweka ya tatu kwa anayetaka akiolojia na ana uwezo, kwa sababu wiki kumi za kusahihishwa zitamwonyesha kama anaiweza kazi hiyo kabla hajajitia kwenye miaka ya ada. Majadiliano ni ya maandishi, kwa hiyo tofauti ya saa haikuzuii.

Ukichagua, chagua kozi inayofundisha njia za kazi: kutambua maeneo ya kale, kusoma tabaka za udongo, kupima umri. Kozi ya maajabu ya Misri inaburudisha, ila ukishaimaliza hutajua la kufanya na mlima wa nyuma ya kwenu. Aliyefundishwa vizuri kipimo cha kaboni 14, kinachokadiria umri wa mabaki ya vitu vilivyowahi kuwa hai, anajua kwamba nusu ya kaboni hiyo hupotea kila baada ya miaka 5,730. Anajua pia kwamba tarehe ya kipande cha mkaa ni ya mti ulipokufa, na moto wenyewe huenda uliwashwa baadaye sana. Ujuzi huo unafanya kazi Misri, na unafanya kazi Magu.

Na kuhusu akiolojia, ipo sehemu isiyopita kwenye kioo cha simu. Chukua vyungu vya Urewe, ufinyanzi wa mwanzo wa Zama za Chuma uliopewa jina la mahali huko Siaya, Kenya, ambao vigae vyake vimetapakaa kuzunguka ziwa hili. Picha itakuonyesha mistari iliyochorwa na mdomo wenye kingo zilizochongwa. Kigae kikiwa mkononi ndipo kidole kinapoingia kwenye kile kishimo cha kitakoni, alipobonyeza mfinyanzi udongo ukiwa bado mbichi, na ukikigeuza upande uliovunjika unaona chembe za mawe zilizomo ndani. Mikono inajifunza kwa kushika.

Kwetu vya kushika na kuona havipo mbali. Watafiti Soper na Golden walichapisha mwaka 1969 uchunguzi wao wa maeneo ya kale ya Mkoa wa Mwanza, likiwemo pango la Nyang'oma. Kule Katuruka, karibu na Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliongozwa na masimulizi ya wazee kuhusu Mkama (mfalme) Rugomora Mahe mpaka kwenye mabaki ya ufuaji chuma wa takriban miaka elfu mbili na zaidi iliyopita. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tanuru upya na kuyeyusha chuma mbele yake na mtafiti mwenzake Donald Avery. Ziara ya Makumbusho ya Wasukuma Bujora, pale Kisesa, inafaa kuingizwa kwenye bajeti ya kozi yoyote utakayoinunua.

Lakini usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali, na shimo lililochimbwa ovyo limeharibu tabaka ambazo hakuna atakayeweza kuzirudisha. Ukiona kigae au mavi ya chuma (mabaki ya ufuaji) shambani, kiache kilipo, kipige picha ukiweka rula pembeni, kisha mjulishe afisa utamaduni wa halmashauri.

4. UNISA

University of South Africa imefundisha kwa masafa tangu 1946, na ina idara ya anthropolojia na akiolojia pamoja na ya historia. Ada yake kwa kawaida ni nafuu ukilinganisha na ya Uingereza, hata ukiongeza tozo ya mwanafunzi wa nje, na saa zao ziko nyuma yetu kwa moja tu. Mwanafunzi anapata pia maktaba ya kielektroniki, ambayo kwa msomaji wa Mwanza ina thamani kubwa. Kabla ya kuomba, waulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kuhusu utambuzi wa shahada unayoitaka.

5. Leicester

University of Leicester ndiyo iliyoongoza uchimbaji uliopata mifupa ya Mfalme Richard III mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari, na imefundisha akiolojia kwa masafa kwa miaka mingi. Ubora wake hauna shaka. Kinachoishusha ni ada ya pauni. Kama una mfadhili, ipandishe hadi ya pili, ila thibitisha kwanza kwamba udahili wa mwaka huo uko wazi.

6. Vyeti vya kulipia vya Coursera, edX na FutureLearn

Haya ni majukwaa ya kozi mtandaoni, na kozi zenyewe nyingi ni nzuri. Ile ya Harvard ya piramidi za Giza kwenye edX ni mfano. Tatizo ni unacholipia. Maswali husahihishwa na kompyuta, au insha yako inasomwa na mwanafunzi mwenzako asiyejua zaidi yako, halafu cheti unachopewa hakihesabiki kama shahada popote serikalini. Soma sehemu ya bure, andika maelezo yako, ondoka. Kama mwajiri ameng'ang'ania karatasi, Coursera wana msaada wa ada: unajaza fomu ya kueleza hali yako, unasubiri kama wiki mbili.

Kwa malipo ya nje, tumia kadi ya mtandaoni ya benki au ya kampuni ya simu na uweke kiasi cha ada tu, ili usajili unaojirudia kila mwezi usikukate. Na kabla ya kutuma hata shilingi, waandikie chuo barua pepe ukiuliza mambo mawili: kazi ngapi zitasahihishwa, na nani atazisahihisha. Wasipokujibu ndani ya wiki mbili, tafuta kwingine.