Uwanja wa Klabu au wa Kupanga?

Klabu yenye uwanja wake hubaki na mapato ya siku ya mechi: viingilio, vyumba vya watu mashuhuri, vinywaji, maegesho. Hata jina la uwanja huuzwa kwa mdhamini, na ligi ikipumzika huja matamasha. Juventus walihamia uwanja wao mwaka 2011, kisha wakatwaa ubingwa wa Italia misimu tisa mfululizo. Sisemi matofali ndiyo yaliyofunga mabao, ila fedha za mlangoni hazikuwadhuru.

Tatizo ni deni la kuujenga. Arsenal waliondoka Highbury mwaka 2006, penye viti takriban 38,000, wakaingia Emirates wa viti 60,000. Miaka iliyofuata waliuza nyota wao, na kabati la vikombe halikupata kitu kipya cha maana hadi Kombe la FA la 2014.

Mpangaji hana mzigo huo. West Ham wanacheza London Stadium tangu 2016 bila kuujenga. Lakini ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki, na mashabiki wamelalamika kwamba wako mbali mno na nyasi. Kibaya zaidi ni kugombana na mwenye nyumba: mwaka 2013 mzozo wa kodi uliwapeleka Coventry City kucheza mechi za "nyumbani" Northampton, mji mwingine kabisa.

Kwa klabu inayojaza viti kila wiki, ningejenga. Isiyojaza, bora ipange, mradi mkataba uwe mrefu na usomwe na mwanasheria kabla ya mwenyekiti kutia saini.