Uchawi unaojaa na kupwa: tahakiki ya Magic Bites

Riwaya ya Magic Bites, iliyotoka mwaka 2007 kwa jina la Ilona Andrews (ni jina la kalamu la mke na mume wanaoandika pamoja), inamhusu Kate Daniels, mamluki wa Atlanta, Marekani, anayelipwa kwa kazi za hatari zinazoletwa na uchawi. Mlezi wake anauawa, naye anaanza kumsaka muuaji.

Kilichonishika ni mwendo wa uchawi wenyewe, ambao katika mji huo hujaa na kupwa kama maji ya bahari, ila haufuati mwezi wala kalenda. Ukijaa, taa huzimika, magari hukwama na bunduki hazilii. Ukipwa, mazindiko hubaki kazi bure. Sisi tuliokaa Unguja bila umeme kutoka bara tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya waya wa chini ya bahari, tunajua namna mji unavyorudi kwenye ndoo na vibatari, na kwa hiyo maghorofa ya Atlanta yanayoliwa na uchawi hadi kumong'onyoka hayakunionekea kuwa porojo.

Damu nayo ina uzito wake. Kate hakubali tone la damu yake libaki nyuma, kwa kuwa litamtambulisha asili yake kwa adui. Msomaji wa Pemba ambaye bibi yake alimkataza kuacha kucha na nywele ovyo ataielewa hofu hiyo kabla ya kuelezwa. Hata wanyonya damu wa humu hawana umaridadi wowote: ni maiti zisizo na akili, zinazoendeshwa kwa mbali na mabwana wao, karibu sana na misukule.

Upelelezi ndio dhaifu. Aliyemzoea Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anayevuta kiko chake huku akipima jambo moja baada ya jingine, ataona kwamba Kate hufika kwenye jibu kwa upanga na kwa kuwaudhi wakubwa, akiwamo Curran, mkuu wa watu wanaojigeuza wanyama. Kurasa za mwanzo, tena, zinatupa majina ya makundi bila kuyafafanua. Mimi nilizirudia mara mbili.

Kiingereza chake ni chepesi na kejeli za Kate zinachekesha, lakini maiti zinaelezwa kwa kina mno, na kwa sababu hiyo nimekiweka kitabu rafu ya juu, watoto wasikifikie.