Steringi kafa kabla picha haijaanza: Wakanda ya pili, nimeiona mara mbili

Natanguliza kabisa, humu ndani nimemwaga kila kitu, kama bado hujaiona Black Panther: Wakanda Forever, picha ya Marvel, na hupendi kusimuliwa basi ishia hapa hapa usije ukanilaumu. Imetoka Novemba 2022 lakini, kama mpaka leo hujaiona hiyo sasa ni juu yako.

Nimeiona mara mbili, sehemu mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza sinema, ile ya kwenye mall, wiki ile ile ya kutoka. Ya pili kibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, huko Mbagala miezi kadhaa baadae, imeshatafsiriwa, kiingilio mia tano. Na nisiwafiche, walioielewa hii picha ni watu wa Mbagala, sio sisi wa bisi za elfu tano.

Yeyote aliyekulia kibanda umiza anaijua sheria: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, gari lilipuke yuko ndani, we tulia tu ule karanga zako, steringi hafi. Sasa hii picha inaanza na steringi kafa. Alafu sio kufa kwa kuigiza, kafa kweli. Chadwick Boseman, aliyecheza Black Panther mwenyewe, alifariki Agosti 28, 2020, saratani ya utumbo mpana, ana miaka 43, na ugonjwa wenyewe aliuficha kiasi kwamba hata Ryan Coogler, director wake, hakuwa anajua hali yake ilivyo. Kwahiyo T'Challa, mfalme wa Wakanda (nchi ya kubuni ya Afrika) aliyekuwa anachezwa na Chadwick, naye wakamuua hivyo hivyo, ugonjwa, hatumuoni kitandani wala nini, dada yake Shuri anahangaika maabara kutafuta dawa, mama anaingia anamwambia kaka yako ameshatutoka. Dakika chache tu za mwanzo hizo.

Mashabiki kibao huko Marekani hawakutaka iwe hivyo. Kulikua na kampeni nzima ya kudai T'Challa atafutiwe mtu mwingine acheze, wanasema Chadwick kafa ila T'Challa ni mhusika, mhusika hafi na mwigizaji, na watoto weusi wasinyang'anywe mfalme wao. Hoja yao naielewa. Ila mimi nakumbuka Aprili 2012 alipokufa Kanumba, mwigizaji wetu, nakumbuka Leaders Club ilivyofurika, watu wanazimia, msafara mpaka makaburi ya Kinondoni, alafu niambie mwezi unaofata mtu mwingine angevaa suti zake akaitwa jina lake kwenye muvi. Hapana bana. Coogler alifanya ambacho mtu aliyefiwa angefanya, akaweka msiba.

Na ndo nnachotaka kusema, hii picha ni msiba wa saa mbili na dakika 41. Ukiingia unasubiri ngumi utatoka umekasirika, na wengi walitoka wamekasirika.

Pale sinema ile nembo ya Marvel ilipokuja ikiwa na picha za Chadwick tupu, bila muziki, ukumbi mzima ulinyamaza mpaka nkasikia AC. (AC yenyewe baridi kama bucha, niliangalia nusu ya picha mikono iko ndani ya fulana, na hela yangu walichukua yote.) Alafu mazishi, Wakanda nzima wamevaa nyeupe, wanaimba wanacheza, jeneza linapandishwa kwenye chombo angani. Nyuma yangu vijana wawili wananong'ona mbona wanacheza, kwani sherehe? Pale kibanda umiza dogo mmoja akauliza swali hilo hilo ila kwa sauti, na mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele akamjibu bila kugeuka, kwetu mtu mkubwa akifa tunamchezea siku tatu, we angalia picha. Hakuna aliyeuliza tena.

Kuna kitu kimoja lakini sinema walitupiga chenga watu wa kibanda umiza. Mnakumbuka mwisho wa 2022 Dar ilikuwa na mgao wa maji, Ruvu imepungua, watu tunazunguka na madumu. Sasa Namor, adui wa humu, anaishambulia Wakanda, mji mzima unajaa maji mpaka kwenye kiti cha enzi, na katikati ya ile huzuni jamaa mmoja safu ya nyuma akaropoka: "Yaleteni na huku Tabata!" Nilicheka mpaka nkaona aibu, maana sekunde hiyo hiyo malkia Ramonda, mama yake T'Challa na Shuri, anazama.

Tuje kwa Namor. Tenoch Huerta, Mmexico, kacheza vizuri sana, mfalme wa watu wa chini ya bahari, wamemjenga kwa mambo ya Wamaya, sio yule wa kwenye vitabu vya katuni. Sinema watu walikua wanazicheka zile mbawa za miguuni. Mbagala hakuna aliyecheka. Mle mwanzoni watu wake wanapotoka majini usiku wanaimba, na mabaharia kwenye meli wanaanza kujirusha wenyewe baharini mmoja mmoja, mtafsiri alisema neno moja tu, "jini maji", na kibanda kizima kikasema eee, kimeelewa. Wa pwani hahitaji kuelezwa kitu kinachoita watu kutoka majini kwa sauti nzuri, tumekatazwa kwenda ufukweni magharibi tangu tuko wadogo kwa sababu hiyo hiyo.

Ila mwenye picha ni Angela Bassett, ndo Ramonda mwenyewe. Ile sehemu anamvua Okoye, jenerali wake, cheo, mama ameshazika mume, amezika mtoto wa kiume, sasa Shuri katekwa Okoye akiwa naye, yaani anaongea mpaka shingo inatetemeka. Pale Mbagala kuna mama anakaanga mihogo mlangoni, muda wote alikua anaangalia kwa jicho moja tu jicho lingine kwenye karai. Ilipofika hapo akaacha kabisa, kashika upawa mkononi, mafuta yanadondoka chini. Vijana wakaanza kumtetea Okoye, kwamba kaonewa, kapigana. Yule mama akasema, "Mwanamke kafiwa huyo, mwacheni aseme." Mihogo ikaungua na akatuuzia hivyo hivyo. Alafu Ramonda alipokufa akauliza, "Sasa huyo binti kabaki na nani?", akarudi kwenye karai lake na hakuangalia tena.

Bassett alipata Golden Globe kwa hii kazi, akateuliwa Oscar pia, mtu wa kwanza kuteuliwa kwa kuigiza kwenye picha ya Marvel, Oscar yenyewe hakupata na mashabiki mpaka leo hawajasamehe. Oscar ya picha hii kaibeba Ruth E. Carter wa mavazi, na ni haki yake, zile nguo nyeupe tu zinatosha.

Sasa lawama, maana zipo. Yule binti Riri Williams, mwanafunzi wa chuo cha MIT Marekani aliyetengeneza mashine ya kutafuta vibranium, yale madini ya Wakanda, hana kazi humu zaidi ya kutangaziwa tamthilia yake, Ironheart, iliyokuja kutoka 2025, ukimtoa wala huoni pengo. Yule Mzungu wa CIA na mtalaka wake ndo kabisaa, kila wakitokea Mbagala watu walikua wanatoka kwenda kukojoa. Vita vya mwisho kwenye meli haraka haraka, alafu Okoye kavalishwa lile livazi la bluu, dogo akauliza huyu sasa kawa nzige? Na Daniel Kaluuya hayumo kabisa, alibanwa na picha nyingine, jitu lililotusaliti pati wani limepotea hivi hivi. Angalau Florence Kasumba mzaliwa wa Kampala kapewa ujenerali.

Lupita, aliyecheza Nakia mpenzi wa T'Challa, alinifurahisha, japo kaja kuchelewa. Wakenya wanasema wetu, Wamexico wanasema kazaliwa kwetu, na humu anatumwa Mexico hiyo hiyo kumtafuta Shuri na Kihispania kinatiririka tu. Kiswahili hakuna, tushazoea, Wakanda ni Kixhosa.

Kwa namba, ya kwanza ilipita dola bilioni 1.3 na hii ikaishia milioni 850 na kitu, wako wanaosema hiyo ndo dalili imefeli. Mimi naipa saba na nusu kwa kumi, na ile nusu ni ya mama wa mihogo.

Mwisho sasa. Shuri yuko Haiti, kakaa ufukweni peke yake, anazichoma zile nguo nyeupe za mazishi, sura ya kaka yake inamjia, kimya, machozi. Mtafsiri wa watu akasema anachoma nguo zake za zamani. Yule mzee wa benchi la mbele akamsahihisha kama vile mtafsiri yuko ndani ya spika, "Nguo gani, anaanua matanga huyo." Sinema nilikua sijaliona hilo kabisa, nilijua ni huzuni tu.

Majina yakaanza kupanda, mwenye kibanda akachomoa flashi. Nkaruka. Nkamwambia bosi bado, kuna mtoto! Kumbe hajui, na mle ndani hakuna anayejua, hiyo picha kaionyesha wiki nzima anaikatia hapo hapo. Nkawaeleza, Nakia anakuja na kijana mdogo, T'Challa aliacha mtoto Haiti, anaitwa Toussaint, na jina lake la kwao ni T'Challa, mtoto wa T'Challa.

Kibanda kililipuka. Dogo yule wa nzige kasimama juu ya benchi anapiga mabati, "Si niliwaambia! Steringi hafi! Si niliwaambia!" Mwenye kibanda kaangalia foleni ya watu wa mpira iliyoko nje, kaangalia flashi mkononi, akasema anayetaka kumuona mtoto aongeze mia mbili.

Wa kwanza kutoa alikua mzee wa mbele.