Fundi wa Ngamiani barabara ya nane: ISO iligoma kuwaka, laptop haikuwa na kosa lolote

Naandika hii kwa wenzangu wa Tanga mnaojifunza Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama ilivyo Windows) wenyewe majumbani, maana mimi nimehangaika wiki mbili nzima na nusura laptop yangu ifomatiwe bure.

Iko hivi, nimetengeneza mashine kwenye VirtualBox, ile programu inayokupa kompyuta ya kuigiza ndani ya laptop yako, nikaipa ramu ya GB 2 na diski ya GB 20, nikaweka ISO, yani faili la kusakinishia, ya Debian 12 ambayo ni aina mojawapo ya Linux, nikiiwasha tu inakuja skrini nyeusi imeandikwa No bootable medium found basi imeganda hapohapo. Nimefuta nimetengeneza upya mara tano sita, kitu kilekile. Nikaenda kwa fundi mmoja karibu na nyumbani, ile meseji hata hakuisoma, akasema laptop imechoka nipigwe Windows upya kwa elfu ishirini, na mafaili yangu yote ya shule yamo humo sina pa kuyahamishia. Nikambeba mtoto wangu wa chuma nikarudi nyumbani.

Shoga yangu ndo akanielekeza hili duka la Ngamiani. Dogo, halina kibao, kiti cha mteja kimoja tu kwa hiyo mkiwa wengi mnasimama juani, hilo nalisema wazi walirekebishe. Nilisubiri kama saa nzima. Ila kijana mwenyewe jamani ana subira! Hakuigusa laptop, kanambia dada kaa, iwashe wewe, nionyeshe inavyofanya.

Akaisoma ile meseji mpaka mwisho. Akasema hii maana yake mashine imetafuta kitu cha kuwakia haijakiona, sasa tuangalie haijakiona kwa nini. Tukaingia setingi upande wa Storage, kwanza kuona kama kile kisidii kimeandikwa Empty, maana wengi wanasahau kuchomeka ISO. Yangu ipo. Tukaangalia mpangilio wa kuwaka, Optical (yani hicho kisidii) ina tiki na iko juu ya Hard Disk. Sawa. Upande wa prosesa nako akasema hakuna neno, virtualization (uwezo wa prosesa kuendesha kompyuta ya kuigiza) ingekuwa imezimwa kwenye BIOS, zile setingi za laptop yenyewe kabla Windows haijawaka, usingefika hata kwenye hiyo skrini, VirtualBox ingekukatalia mapema.

Ndo akanambia nisomee jina la faili, herufi kwa herufi. Nikasoma, nilipofika arm64 akaniambia hapohapo dada, tatizo letu ndo hili.

Yani mimi wakati nadanlodi niliona kuna amd64 na arm64, laptop yangu ina stika ya Intel, nikajua amd64 ni ya wenye prosesa za AMD nikaikwepa. Akanieleza vizuri kabisa kwamba AMD ndo waliotangulia na huo mfumo wa biti 64, Opteron zao zikatoka 2003, Intel wakaja kuufuata uleule, jina likabaki hivyo. Kwa hiyo amd64 inakaa kwenye Intel na AMD zote. Hiyo arm64 ni ya prosesa za aina ya zile za kwenye simu zetu na Raspberry Pi (vile vikompyuta vidogo vya bodi moja), ukiiweka kwenye laptop kama yangu mashine haioni chochote cha kuwakia hata ukeshe nayo. Wiki mbili zangu zote ziliishia kwenye herufi mbili.

Tukadanlodi ya amd64 kwa intaneti yake, MB mia sita na kitu. Nikataka kuichomeka, akanizuia, tuihakiki kwanza kama faili limeshuka zima. Akanifanya niandike mwenyewe amri ya Windows, certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, ikatoa mstari wa herufi na namba 64 ambao ni kama alama ya kidole ya faili, tukalinganisha na ule uliotolewa na Debian wenyewe, umefanana wote. Anasema kila mtandao ukikatika katikati ya kudanlodi usiiamini ISO mpaka uone huo mstari. Kuchomeka, kuwasha, menyu ya Debian hiyo! Nilipiga kelele mpaka jirani yake wa vitenge akaja kuchungulia.

Kachukua elfu kumi, na mafaili yangu hayajaguswa hata moja. Nendeni asubuhi, mchana foleni. Na ile ISO ya amd64 iliyohakikiwa anayo, ukienda na flashi anakukopia bure, bando lako litabaki.