Chumba cha Jimi Hendrix katika Mtaa wa Brook, London

Anayepita Brook Street katikati ya London akitazama madirisha ya maduka ya bei ghali anaweza kuipita nyumba hii bila kuitambua. Kinachoitambulisha ni mabamba mawili ya buluu ukutani: moja la mtunzi wa muziki George Frideric Handel, aliyehamia namba 25 mwaka 1723 na kufariki humo mwaka 1759, na jingine la Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Kimarekani, aliyepanga ghorofa ya juu ya namba 23 mwaka 1968. Leo nyumba hizo mbili ni makumbusho moja, Handel Hendrix House. Mimi nilimfuata Hendrix, na nakiri kwamba vyumba vya Handel nilivipitia haraka.

Chumba cha kulala, ambacho kilifunguliwa kwa umma mwaka 2016, ndicho kinachostahili nauli. Kimepangwa upya kwa kufuata picha za wakati ule na kumbukumbu za Kathy Etchingham, mpenzi aliyeishi naye hapo: zulia jekundu, mapazia ya mahameli ya rangi ya feruzi, shali iliyotundikwa juu ya kitanda mithili ya chandarua, na kioo cha umbo la yai kilichokuwa cha Hendrix hasa. Mapazia Hendrix aliyanunua katika John Lewis, duka kubwa la Oxford Street ambako mama yeyote wa nyumbani angeweza kumkuta akipima vitambaa, na kodi ya nyumba ilikuwa pauni 30 kwa wiki. Hendrix aliwahi kuyaita makazi haya nyumba yake ya kwanza ya kweli, kauli inayoeleweka ukiujua utoto wake wa kuhamahama mjini Seattle, alikozaliwa mwaka 1942 katika familia iliyovunjika mapema.

Kabla ya hapo alikuwa mwanajeshi wa miavuli, kisha mpiga gitaa wa kukodiwa nyuma ya waimbaji kama Little Richard, akitakiwa asing'ae kuliko mwenye jina. Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya The Animals, alimsikia New York na kumleta London Septemba 1966. Katika muda usiozidi miaka miwili akawa ametoa albamu mbili, na ya tatu, Electric Ladyland, ilitoka wakati akiishi hapa.

Wengi wanamjua kwa gitaa alilolichoma moto jukwaani katika tamasha la Monterey, California, mwaka 1967, na kwa maoni yangu sifa hiyo imemdhulumu. Maajabu yake yalikuwa mkononi. Alikuwa mashoto, naye alichukua gitaa la Stratocaster lililotengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia, akaligeuza, kisha akapanga nyuzi upya ili uzi mnene ubaki juu. Kwa kuligeuza hivyo, vitufe vya sauti na kile chuma cha kuyumbishia nyuzi vilihamia upande wa juu, huku kidole gumba chake kirefu kikizunguka shingo ya gitaa na kukandamiza nyuzi za besi, vidole vingine vikabaki huru kupamba. Ndiyo maana mtu mmoja alisikika kama wapiga solo na ridhimu kwa pamoja, jambo ambalo sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tumezoea kuliona likigawanywa kwa watu wawili au watatu.

Kilichonigusa zaidi ni habari za sahani zake za santuri. Alipojua kwamba Handel aliishi mlango wa pili, alikwenda kununua rekodi za kazi zake katika duka la South Molton Street, akaziweka pamoja na za bluzi. Makumbusho yanaueleza ujirani huo bila kuulazimisha, na nimeupenda uungwana huo.

Ushauri wangu kwa atakayekwenda ni kwamba asitarajie jumba kubwa, kwa kuwa ghorofa hii ni ndogo na nusu saa inatosha kuzunguka. Asiyewahi kumsikiliza Hendrix asikilize kwanza walau Electric Ladyland yote, la sivyo ataona kitanda na mapazia tu. Alihama hapa mwaka 1969, na tarehe 18 Septemba 1970 alifariki katika jiji hilohilo, akiwa na umri wa miaka 27.