Pikapu za DiMarzio nyota tano, fundi aliyezifunga sijui hata nimpe nini

Wakuu, naanza na fundi kwanza maana pikapu (vile vifaa vya sumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi za gita la umeme) hazina kosa lolote, nitazisemea huko chini. Kuna duka la vyombo vya muziki pale Kariakoo, jina naliacha, nyuma ya kaunta wana benchi la fundi, na huyo fundi wapiga gita wengi wa bendi wanamsifia. Hata mimi nilielekezwa na mtu ninayemheshimu. Napiga solo kwenye bendi ya kumbi na maharusi, zilipendwa kwa sana, na anayejua huo muziki anajua gita la solo halina pa kujificha. Rizimu ikikosea watu wanacheza tu, solo ikikosea ukumbi mzima unageuka kukutazama.

Gita langu ni la umbo la Les Paul, lile gita maarufu la kampuni ya Gibson, ila ni kopi ya Kichina, mbao safi, shingo safi, shida ilikuwa pikapu za kiwandani. Ukipandisha volyumu ukiwa karibu na spika zinapiga mluzi mpaka waalikwa wanaziba masikio. Shemeji yangu yuko Minnesota, nikambembeleza muda mrefu, mwisho akanitumia hambaka mbili (pikapu zenye koili mbili za waya) za kampuni ya DiMarzio, zile za mtindo wa PAF, yaani hambaka za mwanzo za Gibson. Mambo ya sumaku na namba kila mtu anaweza kuyatafuta mwenyewe, sina haja ya kuyarudia hapa. Nililofurahia ni kwamba ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye mchoro wa waya, rangi kwa rangi, mtoto anaweza kuifuata.

Nikapeleka kila kitu: gita, pikapu, poti mpya (zile za kuzungusha volyumu na toni) za kilo-omu 500 kama hambaka zinavyotaka, kapasita, jeki mpya (tundu la kuchomekea waya wa gita), na ile karatasi nikampa mkononi. Akaiweka pembeni, akaweka kikombe cha chai juu yake. Nikamwambia kwa adabu kabisa, kaka fundi, hizi DiMarzio rangi zake haziko kama za kampuni nyingine, naomba uangalie mchoro. Hakuinua hata uso. "Dogo, mimi nafunga hivi vitu kabla hujajua gita ni nini." Dogo! Mimi nina mtoto yuko sekondari. Lakini nikameza, nikasema fundi ni fundi, labda siku yake imeanza vibaya, nikalipa 80,000 yote mkononi nikaondoka.

Kuchukua gita likiwa tayari, akalichomeka kwenye amplifaya ndogo ya dukani, akafungua distoshen yote (ile efekti ya kukwaruza sauti), akapiga mara mbili tatu, "umesikia hiyo?" Sasa pale Kariakoo nje kuna spika za wauza nguo, bodaboda, mtu anatangaza dawa ya panya, utasikia nini? Nikaona taa ya amplifaya inawaka, nyuzi zinalia, nikabeba.

Jumamosi ukumbini ndiyo nikajua nimebeba nini. Nimefungua gita safi bila efekti, naingia solo ya wimbo wa kwanza, sauti inatoka nyembamba kama redio iliyobaki na betri za mwisho. Hakuna uzito kabisa. Uzi wa juu unachonga masikio, nyuzi nene kama hazipo. Nikahamisha swichi pikapu ya shingoni, hivyo hivyo. Katikati, hivyo hivyo. Halafu ule mvumo! Hambaka hizi, kitu ambacho kazi yake ya kwanza ni kuua mvumo, zinavuma kuliko pikapu za koili moja, kila tukikaa kimya kati ya nyimbo ukumbi unasikia ngurumo ya gita langu. MC akaja kuniuliza kama kuna spika imekufa. Kiongozi wa bendi hakusema kitu, alinitazama tu, na mimi hapo ndipo nilipoumia maana nilishamtangazia wiki nzima kuwa gita linakuja na sauti mpya.

Nikarudi dukani. Bado sikuwa na hasira, naapa, nilikwenda kama mteja anayetaka kitu chake kirekebishwe. Nikamweleza, sauti nyembamba, mvumo mwingi, labda kuna waya zimegeuzwa. Akachukua mita, akagusa ncha za jeki, pikapu moja ikasoma kilo-omu 7 na kidogo, nyingine 8 na kidogo. Akanigeuzia mita nione. "Zinasoma. Kazi yangu iko sawa." Nikamwambia mbona zinavuma? "Umeme wa kumbi zenu hauna ethi." Nikamwambia pikapu za zamani zilikuwa kwenye kumbi hizohizo na hazikuwa zinavuma hivi. Hapo ndipo akabadilika. Kulikuwa na vijana wawili wananunua nyuzi na mama mmoja wa kwaya anaulizia maikrofoni, yeye akapaza sauti wote wasikie: "Hizi pikapu ni feki, huyo ndugu yako wa Marekani kakupiga. Na kama unajua sana si ungefunga mwenyewe?" Wale vijana wakacheka.

Yaani amesoma mita kaona pikapu ziko sahihi, sekunde hiyohiyo anasema ni feki. Sasa ipi? Na shemeji yangu anaingiaje hapo, mtu katoa hela yake ya jasho kwenye baridi ya kule kunitumia zawadi, leo anaitwa tapeli mbele za watu na mtu asiyetaka kusoma karatasi ya ukurasa mmoja. Nikamwomba basi anirudishie zile pikapu za zamani, maana aliponifungia mpya zile za kwanza hakunipa. "Zile chuma? Nilishatupa." Ametupa mali ya mtu bila kuuliza!

Nikatoka. Mpiga besi wetu akanipeleka Temeke kwa mzee mmoja fundi redio, kazi yake kubwa ni amplifaya za makanisa na misikiti, hata gita hapigi. Yule mzee swali lake la kwanza: "Karatasi yake unayo?" Karatasi ilibaki Kariakoo chini ya chai, nikamfungulia mchoro kwenye simu. Akavaa miwani, akasoma. Akafungua nyuma ya gita, akatazama, akatazama tena simu, akaniita nisogee.

Nawaeleza alivyonieleza kwa sababu hii kitu itawasaidia wengi. Hambaka ina koili mbili. Kwenye moja sumaku inatazama kwa ncha ya kaskazini, kwenye nyingine kwa ncha ya kusini, na waya zake zimeungwa kinyume, kwa hiyo sauti ya nyuzi inajumlishwa na ule mvumo wa umeme unafutana. Ndiyo akili yote ya hambaka tangu Seth Lover alipoibuni pale Gibson mwaka 1955. Kila koili ina waya mbili, jumla nne na ile ya uchi ya ethi. Sasa Seymour Duncan, kampuni nyingine ya pikapu, waya ya sauti ni nyeusi, halafu nyekundu na nyeupe unaziunga pamoja, kijani inakwenda ethi. DiMarzio, waya ya sauti ni nyekundu, nyeusi na nyeupe ndiyo zinaungwa, kijani ethi. Fundi wangu kafunga DiMarzio kwa rangi za Seymour Duncan, zote mbili. Ukifanya hivyo koili moja inageuka nyuma mbele. Kila kitu kinakuwa kinyume: kinachotakiwa kujumlishwa kinafutana na kinachotakiwa kufutana kinajumlishwa. Nyuzi nene ndizo zinaumia zaidi maana mawimbi yake marefu koili zote mbili zinayapokea karibu sawasawa, basi yanauana, kinachobaki ni ule ukali wa juu. Na mvumo unakuwa mara mbili.

Na mita? Mita haiwezi kukuambia, maana ukinzani wa koili mbili zilizofuatana unajumlishwa vilevile hata moja ikiwa imegeuzwa, itasoma 8 yake bila tatizo. Mzee akanionyesha njia nyingine, akaachanisha zile waya, akaweka mita kwenye koili moja, akagusa vichwa vya pikapu kwa bisibisi, namba ikapanda. Koili ya pili kwa mpangilio wa yule fundi, akagusa, namba ikashuka. Zilitakiwa kwenda upande mmoja. Kitu kidogo hivyo, kinahitaji bisibisi na subira tu.

Akabadilishana nyekundu na nyeusi kwenye pikapu zote mbili, akachukua 10,000, akaniambia kijana wangu nenda kajaribu ukiona tatizo rudi. Kijana wangu, sikia tofauti na dogo.

Jamani. Hizi pikapu. Nimechomeka usiku nyumbani, volyumu nusu, mke wangu katoka chumbani kuuliza kama nimenunua gita lingine. Nyuzi nene zinajaa kifua, nyembamba zinalia tamu bila kukata, ukipiga sebene kila noti inasimama peke yake hata ukipiga haraka. Ukipunguza toni kidogo pikapu ya shingo unapata ile sauti ya mviringo ya magita ya miaka ya 70 ambayo nimeitafuta miaka yote. Mvumo hakuna. Mluzi hakuna hata nikisimama mbele ya spika. Nyota tano, na kama kungekuwa na sita ningetoa, yeyote anayepiga dansi au rumba mwenye gita la hambaka azitafute hata kwa kuchangisha.

Kwa kuwa moyo ulitulia nikaanza kumfikiria fundi wa Kariakoo kwa haki. Lehemu zake ni nzuri, hata mzee wa Temeke alisema, zinang'aa, hakuna iliyopasuka. Tundu la ndani kalipaka karatasi ya shaba ya kuzuia mvumo vizuri na kuiunga na ethi, sikumwomba. Jeki kaifunga imara. Poti zinazunguka bila kukwaruza. Mtu anayefanya hivyo si mvivu, mkono anao. Nikajisemea nitampa nyota tatu, kosa la rangi linaweza kumpata yeyote, labda siku hiyo mzigo wa kazi ulimzidi.

Basi nikamtumia ujumbe wa sauti, kwa upole, nikamweleza tatizo lilikuwa nini ili asimfungie mwingine hivyo, nikamwambia simdai hela. Sikumtaja mbele ya mtu, nilimtumia yeye. Akajibu kwa maandishi: "Si imepona? Sasa unataka nini." Basi. Hakuna pole, hakuna nimekuelewa, na kwa shemeji yangu aliyemwita tapeli hakuna neno.

Nyota tatu nimezifuta. Nilitaka kuacha mbili kwa ajili ya ile shaba lakini kila nikikumbuka wale vijana wanavyocheka inashindikana. Kesho kuna mtu ataokoteza hela yake anunue pikapu za maana, atafungiwa kinyume, ataambiwa ni feki, na yeye ataamini, atazitoa na kuziuza kwa bei ya kutupa. Sijui hata wangapi wameshaamini. Labda hizo zinazotolewa ndizo zinauzwa palepale, siwezi kusema, sijaona, ila nawaza.

Nyota moja, ya lehemu. Na pikapu zangu za zamani nitazifuata, iwe amezitupa au hajazitupa atanionyesha wapi.