Fundi aliyenifungia kebo mbili za mashine, Makambako: nyota nne

Nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Makambako. Mota ya kwanza ni kilowati 45, ya pili 37, ya tatu 22. Zikiwaka zote zinakula ampea kama 190. Kebo ya zamani, mili 50 (ndio unene wa waya wake, kwa milimita za mraba), ilikuwa imezidiwa, na fundi wa kwanza (simtaji) akanishauri tuongeze nyingine pembeni yake zisaidiane. Nikakubali, maana kebo moja nene ni kazi kuikunja kwenye ile kona ya ukuta.

Kumbe aliyoiongeza ni mili 35, tena kaizungusha nyuma ya ghala, mita nane zaidi ya mwenzake. Msimu wa mahindi ulipochanganya, meni swichi ikaanza kutoa harufu ya plastiki inayoungua. Usiku nilikuwa silali.

Ndipo nikampata huyu ninayemsifia leo. Nilimwomba leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajagusa kitu, akaitoa bila kununa. Mashine zikiwa zinasaga, akabana mita yake kwenye kebo moja baada ya nyingine. Ile ya mili 50: ampea 122. Ya mili 35: 68.

"Mama, umeme haugawani nusu kwa nusu," akaniambia. "Unakimbilia penye wepesi. Waya mnene na mfupi ndio unaobeba zaidi."

Akazing'oa zote mbili. Akaleta kebo za shaba za mili 70, aina moja, akazikata mbele yangu mita 31 kila moja, wala hakuacha hata futi ya ziada upande mmoja. Kila kebo ina fezi zote tatu (waya za moto) na nyutro yake (waya wa kurudishia umeme), kwa sababu fezi ikipita peke yake kwenye tundu la boksi la chuma, lile bati lenyewe linapata moto. Kila waya una lagi yake, yaani kile kichwa cha chuma cha kufungia kwenye bolti, imebanwa kwa presi ya haidroliki. Yule wa kwanza alikuwa anagonga kwa nyundo! Bolti alizikaza kwa spana yenye kipimo, kisha akachora mstari mwekundu kutoka kwenye nati mpaka kwenye shaba, nati ikilegea mstari ukatike. Mfuniko wa ndani unapitisha mwanga, kwa hiyo nauona bila kugusa chochote.

Tulipowasha: 96 na 94. Nilishukuru Mungu palepale.

Nyota moja naiondoa kwa kuchelewa. Aliahidi Jumatatu, akatokea Jumatano, na wateja walikuwa wameshapanga magunia uani.

Ila alinionya jambo ambalo kila mwenye kebo mbili alijue: moja ikichomoka, mwenzake anabeba ampea zote 190 na breka ya ampea 250 haitakata, maana kwake hazijazidi. Kwa hiyo zipimwe kila mwezi, moja moja. Mwezi wa kwanza alikuja mwenyewe, akapima, hakudai hata nauli.